Meza Iliyokatwa Nusu

Meza ilikatwa katikati kwa msumeno siku kituo cha mawasiliano kilipofunguliwa. Nusu moja ikateremshwa chini ya mlima pamoja na wachimbaji wa joto la ardhini. Nusu nyingine ikabaki juu, katika chumba ambacho kila mtu alikiita Sebule. Kila nusu ilisukumwa mpaka ikagota ukutani, na ukuta wenyewe ulikuwa kioo kitupu, kutoka sakafuni hadi darini. Ukikaa Sebule ukatazama mbele, uliiona meza yako ikiendelea ndani ya kioo bila mkato, na upande wa pili amekaa mtu wako na sahani yake, ilhali yuko chini kabisa, kule ambako lifti hushuka kwa nusu siku.

Watu waliipenda meza ile. Kabla haijawekwa, wachimbaji walikaa chini msimu mzima na kupandishwa juu wakiwa wameshasahau sauti za watoto wao. Sasa mama alileta ndizi zake akapakua, na mwanawe akapakua za kwake kule chini, wakala pamoja na kugombana kuhusu chumvi kama watu wa nyumba moja.

Aliyeiunganisha meza ile alikuwa Subilaga, mama wa makamo mwenye miwani minene, aliyefanya kazi peke yake katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya Sebule. Kazi yake haikuonekana, na mwenyewe alipenda isionekane.

Kila jicho la kamera lina kombo lake. Kamera pana, ile inayoweza kukimeza chumba kizima ikiwa imetundikwa ukutani, hupinda kila kitu kilicho pembeni. Fremu ya mlango hutoka tumbo kama chungu, na mtu aliyekaa kando huota shavu ambalo Mungu hakumpa. Kwa hiyo kila kamera mpya, Subilaga aliionyesha kwanza ubao wa miraba myeusi na myeupe, kama ubao wa drafti. Miraba ile ilikuwa imenyooka, na yeye alijua hivyo. Alipoona jinsi kamera ilivyoipinda, aliijua tabia ya jicho lile kama fundi viatu anavyomjua mtu kwa jinsi soli yake ilivyolika. Tangu hapo aliipinda kila picha ya kamera hiyo kinyume cha kombo lake hadi mistari ikanyooka, ndipo akaunganisha meza na meza. Hakuinyoosha kabisa. Picha iliyonyooka mno humtia mtu shaka bila kujua kwa nini, kwa hiyo aliacha kombo kidogo, sawasawa kwa kila kitu kilichomo.

Mwamba ulipoporomoka na kuziba njia ya lifti, waya wa picha haukukatika. Watu watatu walibaki chini: Kihwele, aliyevunjika mguu, Lwitiko, mwenye mwili mkubwa na moyo wa kuchekesha, na Gwakisa, mwembamba kama mpini wa jembe. Chakula walikuwa nacho, na maji pia. Adui yao alikuwa joto. Maji baridi yaliyopoza chumba chao yalifunguliwa kwa koki iliyokuwa mwisho wa njia ya hewa, na njia yenyewe ilikuwa imebanwa na mawe. Kila asubuhi na kila alasiri lazima mtu atambae kwa tumbo hadi kule na kuizungusha kwa mkono. Lwitiko alijaribu akanasa mabegani. Kihwele hakuweza kutambaa. Kwa hiyo uhai wa watu watatu ulikuwa mwilini mwa Gwakisa, na zaidi ya mwilini, ulikuwa katika hamu yake ya kuingia tena kwenye tundu lile.

Hamu hiyo aliipata mezani. Kila siku kabla ya zamu ya alasiri baba yake, Mzee Asegelile, alikuja Sebule na bakuli la mbalaga, zile ndizi za kupikwa, akala na mwanawe. Mzee hakuwa msemaji. Alikuwa na desturi moja tu: alichagua kipande cha ndizi kilichoiva vizuri, akakisukuma kwa kidole mpaka pale meza inapokutana na kioo, akakiacha. Na Gwakisa, chini kule, alichukua kipande cha mkate mkavu kutoka upande wake, akakitafuna polepole kana kwamba ni hicho hicho. Kisha akafuta mdomo na kwenda kwenye tundu.

Mke wa Gwakisa, Tusekile, alibaki nje ya mlango wa Sebule. Nyumba nyingi za Rungwe zimeshaacha mwiko wa ukwe, lakini ya Mzee Asegelile haikuwa imeacha. Mke wa mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni, wala halitaji jina lake. Basi Tusekile alipika, akampa mlinzi bakuli aliingize, na kuzungumza na mumewe kwa sauti kupitia upenyo wa mlango. Mzee akishamaliza kula alikohoa mara moja kwa nguvu, kumpa mkwewe nafasi ya kujificha nyuma ya pazia la ukumbini, ndipo akatoka. Kikohozi kile kilikuwa heshima yake kwa yule binti. Baada ya hapo Tusekile aliingia na kukaa na mumewe.

*

Asubuhi moja Masunga, mlinzi wa lango, aliingia chumba cha Subilaga na kikombe cha chai ya tangawizi. Alikuwa amekifunika kwa sahani kisipoe. Akakiweka mezani na kubaki amesimama.

"Kunywa kwanza, mama," alisema. "Ukishakunywa, Injinia anakuja."

Subilaga akajua kuna jambo, maana Masunga hakuwahi kumhimiza mtu anywe.

Injinia Kemilembe aliingia na viatu vyenye tope. Alikuwa msimamizi wa uokoaji, mwanamke wa Bukoba aliyekuwa hajalala kitandani tangu mwamba uporomoke. Tangu siku hiyo alikuwa amefunga lango. Ndugu aliyeingia hatoki, na simu zote zilikuwa ndani ya kapu ofisini kwake, maana uvumi mmoja tu ukishuka chini kwenye ule waya ungeweza kuua kuliko mawe.

"Mzee Asegelile amefariki," alisema. "Amekutwa kwenye benchi la ukumbini, amejifunika blanketi. Daktari anasema ni moyo."

"Mungu wangu. Tusekile anajua?"

"Ndiye aliyemkuta."

Subilaga akavua miwani. Injinia akavuta kiti, akakaa karibu naye, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Mama Subilaga, mashine ya kutoboa imebakiza siku chache. Gwakisa akisikia haya leo, hataingia kwenye lile tundu. Mkono umeshaungua, mgongo umechubuka, anaingia kwa ajili ya mzee wake tu. Mwenyewe ameniambia hivyo. Asipoingia mara moja tu, joto litawamaliza wote watatu."

"Unataka nini, Injinia?"

"Unazo picha za mzee za siku zote."

"Ninazo."

"Mrudishe mezani."

Subilaga akaipangusa miwani. "Mimi naunganisha watu waliopo."

"Najua. Na mimi nimesomea kutoboa mwamba, sikusomea kudanganya yatima. Kama una njia nyingine, niambie, nitakushukuru mpaka kufa."

Hakuwa nayo. Alimfikiria Kihwele, ambaye kabla ya kuvunjika mguu, kila alipopita mbele ya kamera alikuwa akimwamkia: "Shikamoo mama wa picha, umeamkaje huko kwenye baridi?" Ni yeye peke yake chini kule aliyekumbuka kwamba nyuma ya ukuta kuna mtu. Akavaa miwani yake.

"Tusekile atasema nini?"

"Atasema kutoka mlangoni, kama siku zote. Kwamba koo linamsumbua mzee, ameambiwa asizungumze. Amekubali. Nimempigia magoti, mama. Kweli kabisa, magoti."

*

Alimtafuta mzee katika picha za zamani hadi akampata siku aliyovaa koti lile la kahawia alilokuwa nalo jana. Lakini siku ile Sebule ilikuwa bado na kamera ya kwanza, yenye jicho baya zaidi, na mzee alikuwa amekaa pembeni. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevutwa na bega limenepa. Subilaga akautoa ubao wa miraba wa kamera ile, akaisoma mikunjo yake, akaanza kumnyoosha mzee taratibu: shavu likarudi, bega likashuka, kidole kikawa chembamba tena. Alipomaliza, mzee alikuwa kama alivyokuwa. Subilaga akajikuta anasema, "Ndaga, mzee," asante ya Kinyakyusa, kama mtu aliyepishwa njiani.

Kisha akamtoa mzee katika chumba cha siku ile, akamkalisha kwenye kiti cha leo, akampa kombo dogo la kamera ya leo, ili apinde pamoja na kiti na meza. Akamwekea kivuli. Akarudi nyuma akatazama. Palikuwa na mzee anakula mbalaga. Alitafuta kosa kwa macho yote aliyokuwa nayo, na hakuliona, na hilo ndilo lililomtisha. Mpaka siku ile alidhani uongo una mshono wake mahali fulani, ukiutafuta utauona.

Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa amri, mpaka mazungumzo yaishe. Injinia alijifungia humo humo pamoja naye.

"Angalau tumefungwa wote," Injinia alisema, akijaribu kucheka.

*

Alasiri Gwakisa akatokea kwenye kioo. Alikaa upande wake wa meza, uso umejaa vumbi.

"Shikamoo, baba."

Mzee wa kwenye picha akatikisa kichwa kuitikia. Alitikisa vizuri. Subilaga alikuwa amelipanga hilo.

Kutoka nyuma ya mlango wa Sebule sauti ya Tusekile ikamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "Baba Ambwene, koo linamsumbua mzee. Daktari amemkataza kusema."

"Daktari gani wa kumkataza kusema mtu asiyesema?" Gwakisa akacheka, na nyuma yake kicheko kizito cha Lwitiko kikaitikia. "Pole, baba. Kunywa maji ya asali."

Mzee akachagua kipande cha ndizi. Akakisukuma kwa kidole mpaka kwenye kioo. Gwakisa akakitazama muda mrefu, akachukua mkate wake.

"Mkono wako vipi?" Tusekile akauliza. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilisimama.

"Umeungua kidogo. Ule usukani wa koki siku hizi ni kama kikaango. Lwitiko amechana shati lake jipya akanifunga. Shati la sikukuu, mwone sasa, tumbo wazi." Akainua kiganja, akalegeza kitambaa ili mkewe aone. Ngozi ilikuwa imetoka.

Hapo ndipo lilipotokea. Tusekile, kwenye upenyo wa mlango, alikiona kile kiganja ukutani. Na alipotazama ndani ya Sebule, aliona kiti kitupu. Kwake yeye hapakuwa na mtu wa kumwonea haya mle ndani. Yule mtu alikuwa amelala chumba cha pili chini ya shuka, na yeye ndiye aliyemfunika. Alisukuma mlango akaingia. Khanga ilimdondoka kutoka kichwani. Akasimama mezani, ubavuni kabisa mwa kiti cha baba mkwe wake, akauweka mkono wake kwenye kioo.

Subilaga alishika mdomo. Alikuwa amepima kivuli na kombo na kona zote nne za chumba, akasahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Rungwe angelikumbuka. Mwanamke kichwa wazi, bega kwa bega na mkwewe, na mkwewe anatafuna ndizi hana habari. Gwakisa angelijua kabla hajapepesa jicho.

Lakini Gwakisa alikuwa bado hajaona. Picha hukaa kwanza kwa Subilaga kabla ya kushuka, muda wa kumeza funda moja la chai.

"Amefanya nini? Kwa nini umeshtuka?" Injinia akauliza. Hakuwa mtu wa huku.

"Hawezi kusimama pale. Ni mwiko. Mumewe akimwona amesimama pale atajua baba hayupo."

"Basi mfute! Weka mlango mtupu. Mfute, mama, upesi!"

Angeweza. Picha ya mlango mtupu alikuwa nayo tayari, na mkono ulikuwa umeshafika. Aliwatazama wote wawili kwenye kioo chake kidogo: mzee ambaye hayupo, ametulia, amenyooka, hana kasoro, na mke aliyepo, machozi yanamfika kidevuni. Mmoja kati yao ilibidi atoke. Subilaga aliwaza kwamba akimfuta huyu leo, kesho atamfuta nani, na keshokutwa Gwakisa atabaki anakula na nani.

Akamfuta mzee.

*

Kiti kikawa kitupu mbele ya macho ya Gwakisa, na mkewe akawa amesimama kando yake. Mkate ukabaki katikati ya meza na mdomo. Subilaga alisikia mashine yake mwenyewe ikipumua.

"Baba yuko wapi?" Gwakisa akasema.

"Amepumzika," Tusekile akajibu. "Leo asubuhi. Alikuwa anangoja saa ya kuja kwako."

"Nani alimfumba macho?"

"Mimi."

"Ulimtazama?"

"Nilimtazama. Hakukuwa na mtu mwingine. Mnafanana, Baba Ambwene. Sikujua kama mnafanana hivyo."

Gwakisa aliinamisha kichwa mezani. Lwitiko akaja, akamwekea mkono mgongoni, akasahau kwamba mgongo umechubuka, akauhamishia kichwani. Hakusema mzaha wowote. Mshale wa joto kwenye ukuta wa chini ulikuwa unapanda, na Injinia Kemilembe aliutazama huku ameuma ncha ya kitambaa chake.

"Umewaua," alisema, bila hasira. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mama Subilaga, umewaua."

Subilaga aliweka mikono mapajani, akautazama mshale naye.

Gwakisa aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamebadilika. Alimtazama mkewe kama mtu anayechunguza noti.

"Nimekula na nani sasa hivi?" aliuliza. "Alitikisa kichwa. Alinipa ndizi. Nilimwambia anywe asali!" Akasukuma kiti nyuma. "Na wewe nitajuaje? Labda na wewe umelala huko. Labda hakuna mtu juu, mmebaki picha tupu."

"Ni mimi."

"Hata yeye alikuwa yeye."

Tusekile akaanza kusema majina ya mtoto wao, ya ng'ombe wao, jambo alilomwambia usiku wa harusi, na kila alichosema Gwakisa alitikisa kichwa akirudi nyuma, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa mwamba. Hapo ndipo Subilaga alipoona vizuri alichokuwa amekifanya asubuhi. Alikuwa amemfungia yule mtu mlango wa mwisho. Mawe yalimzuia asitoke, na yeye Subilaga alikuwa amemzuia asiamini.

Akabonyeza kitufe cha sauti, ambacho hakuwahi kukitumia tangu aajiriwe.

"Gwakisa, mwanangu. Mimi ndiye ninayeiunganisha meza. Baba yako nilimweka mimi, kwa mikono yangu. Samahani haitoshi, sitaitumia. Sasa nitazima kila kitu ninachokifanya. Utaona kamera inavyoona yenyewe, bila mimi. Itakuwa mbaya. Itazame hivyo hivyo."

Akazima kunyoosha. Akazima kuunganisha. Akazima rangi, akazima kivuli. Pande zote mbili.

Meza ikavunjika. Nusu ya juu ikapanda kama mgongo wa ng'ombe, nusu ya chini ikazama, na kati yao pakawa na pengo jeusi. Kuta za Sebule zilivimba. Mlango ulijipinda kama ndizi. Na Tusekile, aliyekuwa pembeni kabisa, alikuwa na shavu moja kubwa kama mkate, sikio limevutwa, bega la kubebea magogo.

Gwakisa alisogea. Akamwambia, "Inua mkono." Tusekile akainua, na mkono ule ukarefuka na kujikunja ulipopita ukingoni. "Njoo katikati." Akaja, na uso wake ukapungua hatua kwa hatua hadi ukawa uso. "Rudi." Akarudi, ukavimba tena. Picha ya jana isingeweza kumtii hivyo.

Gwakisa alikuwa analia, na katikati ya kilio kikamtoka kitu kama kicheko.

"Mama Ambwene," alisema, "umekuwa mbaya sana."

"Na wewe kichwa kama boga," Tusekile akamjibu huku akijifuta pua kwa khanga. "Boga lenyewe halijaoshwa."

Sauti ya Kihwele ikatoka sakafuni, mahali kamera haikufika vizuri: "Na mimi, shemeji? Nikoje?"

"Wewe ni mguu tu, shemeji. Mguu mrefu mpaka dirishani."

"Huku hakuna dirisha."

"Basi ndivyo ulivyo mrefu."

Injinia Kemilembe aliketi. Mshale ulikuwa umefika penye rangi nyekundu. Hakuna aliyemwambia Gwakisa neno juu ya koki, hata Lwitiko, aliyekuwa anatokwa jasho mpaka kitovuni. Gwakisa mwenyewe alifunga kitambaa cha kiganja kwa meno.

"Mtamzika lini?" akauliza.

"Tunakungoja wewe," Tusekile akasema.

Injinia alifungua mdomo kutaka kusema kwamba haiwezekani, kwamba kuna taratibu. Akaufunga. Akachukua funguo mfukoni, akamrushia Masunga, aliyesimama nje, kupitia tundu la mlango. "Fungua kote," akasema. "Na lango. Kawarudishie watu simu zao."

Gwakisa akalala kwa tumbo mbele ya tundu. Katika picha ile mbovu alionekana kama mjusi mrefu anayeingia kwenye ufa. Kichwa kikapotea, kisha mabega, kisha nyayo zake nyeupe kwa vumbi, kubwa kuliko yeye mwenyewe. Tusekile alivuta kiti, akakaa, mikono yote miwili juu ya ukingo wa nusu yake ya meza.

Muda ukapita. Subilaga hakugusa kitu. Pengo jeusi lilikaa pale katikati ya meza mbili, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile aliliacha.

Kisha bomba likanguruma kule chini, na maji yakaanza kupita.